Namna ya Kununua Pete ya Dhahabu Birere, Goma

Nenda na dola safi. Noti ikiwa na mpasuko wa nusu ukucha, sonara ataikataa kabla hamjamaliza salamu. Ataiinua juani, ataisugua kwa kidole gumba, kisha atamwita mdogo wake naye aitazame. Vumilia. Zamu yako ikifika, akisema, "Papa, hii ni dhahabu ya kweli kabisa," vaa pete uondoke. Kuuliza ni kumkosea adabu mtu mzima.

Ukishindwa kujizuia, chungulia upande wa ndani. 750 ni karati 18, yaani robo tatu dhahabu, kilichobaki mara nyingi ni shaba na fedha. 585 ni karati 14. Usipoona namba, shukuru: umeachiwa uhuru wa kuamini. Ya karati 24 muachie mke asiyesonga bugali. Ni laini mno.

Atakuletea sumaku, na pete haitanasa. Piga makofi. Shaba nayo hainasi, lakini usiharibu sherehe.

Kipimo kisichodanganya kwa urahisi ni uzito. Kwa ujazo uleule, dhahabu safi ina uzito wa zaidi ya mara mbili ya shaba. Weka pete mbili za umbo moja viganjani, ya shaba utadhani ni biskuti. Platini ni nzito kuliko hata dhahabu, kwa hiyo ukiuziwa "platini" nyepesi ya dola kumi, hongera kwa inoksi yako.

Fedha, ile ya 925, haina makuu. Itapiga weusi; isugue kwa majivu laini ya makaa. Ya volkano ya Nyiragongo yaache, yanakwaruza.

Usiulize kwa nini bei ni kali wakati Walikale na Lubero wanachimba. Dhahabu ya huku huvuka mipaka kimyakimya hadi Dubai, na ikirudi imelala kwenye kisanduku chekundu, mtoto wa nyumbani mwenye bei ya mgeni.

Benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, wengi walikumbuka kwamba pete ni akiba. Ukirudi kuiuza, sonara yuleyule aliyekuapia atatoa kabatini jiwe la kupimia na chupa ya tindikali. Kumbe alikuwa navyo siku zote.

Na chenji uliyopewa, itazame juani kabla hujatoka. Ile noti ya kumi ina mpasuko.