Kibao cha Namba A
Nchini Tanzania kibao cha namba, yaani kipande cha aluminiamu kinachobeba herufi T, tarakimu tatu na herufi tatu, hakitambulishi gari tu bali humpangia mwenye gari daraja, kwani herufi ya kwanza kati ya hizo tatu husonga kialfabeti kadiri magari yanavyosajiliwa, na hivyo mwenye "namba E" humtazama wa "namba A" kama msafiri aliyeachwa na meli, ingawa wote wamekwama katika foleni ileile ya Ubungo. Gari likifa, bodi huliwa na kutu. Aluminiamu haishiki kutu, kwa hiyo kibao cha njano, rangi ya magari binafsi, huziba vizuri tundu la banda la kuku, na mtetea hutaga humo bila kuuliza herufi.