Bi. Foleni Anajibu: Tumefika, Kumbe Pamefungwa

Mfuko wa barua wa Bi. Foleni hujaa mara mbili: likizo za shule zikikaribia, na majuma mawili baada ya likizo, watu wakisharudi nyumbani na kuona bili ya kadi ya benki. Safari hii barua nyingi zimetoka kwa Waswahili walioko Marekani, Ulaya na Ghuba, na kilio ni kimoja. Familia imelipa, imesafiri, imefika kwenye bustani ya burudani, na mchezo ulioifanya isafiri umezungushiwa ukuta wa mbao wenye kibao cha kuomba radhi. Bi. Foleni hagawi huruma ya bure, lakini barua hizi amezisoma zote na kuchagua zile zenye dawa.

Tiketi zilikuwa rahisi, michezo ikawa imelala

"Shikamoo Bi. Foleni. Mume wangu alijisifu wiki nzima kwamba amepata tiketi za bei nafuu kwenda Florida mwishoni mwa Januari. Tulipofika, michezo mitatu niliyowaahidi watoto ilikuwa kwenye ukarabati. Je, tumetapeliwa?" Anaandika Mama Watatu, Minneapolis.

Marahaba. Hajatapeliwa, anasema Bi. Foleni. Ameuziwa Januari.

Bustani kama Cedar Point, iliyo ufukweni mwa Ziwa Erie huko Ohio, hufunga milango majira ya baridi, na mafundi hupata miezi kadhaa ya kufungua magurudumu na breki bila mgeni hata mmoja kuwachungulia. Florida na California hazina theluji ya kuwapa nafasi hiyo. Huko bustani kubwa zinafanya kazi mwaka mzima, kwa hiyo michezo hufungwa kwa zamu, na zamu hupangwa wageni wakiwa wachache, hasa sikukuu za mwisho wa mwaka zikipita na watoto wakirudi shuleni. Uchache wa wageni ndio unaoshusha bei, na ndio huohuo unaowaita mafundi. Mume wa Mama Watatu alinunua vyote viwili kwa risiti moja.

Mama Watatu anauliza pia kwa nini kazi hiyo isifanywe usiku. Inafanywa. Kila usiku kuna ukaguzi, na asubuhi treni tupu huzungushwa kabla geti halijafunguliwa. Ila kuna kazi ambayo usiku mmoja hauitoshi: treni kuvuliwa hadi mifupa, rangi kukwanguliwa, chuma kupimwa kwa sumaku na mawimbi ya sauti ili kutafuta ufa ambao jicho haliuoni. Na mara nyingine reli yenyewe imechoka. Space Mountain ya Disneyland, California, ilifungwa Aprili 2003 na kufunguliwa Julai 2005, kwa sababu reli yote ilijengwa upya.

Si kila kufungwa ni ugonjwa, lakini. Haunted Mansion ya bustani hiyohiyo, tangu 2001, hufungwa kila mwaka ili ivishwe mapambo ya filamu ya The Nightmare Before Christmas, kisha hufungwa tena sikukuu zikiisha ili yavuliwe. Bustani nyingi kubwa hutangaza ratiba ya ukarabati kwenye tovuti zao. Bi. Foleni anataka mume huyo aifungue ratiba kabla ya kulipa nauli na aifungue tena wiki moja kabla ya safari, maana tarehe husogea. Kujisifu kuanze baada ya hapo.

Saa nzima kwenye foleni, kisha "tunaomba radhi"

"Tulikuwa tumebakiza watu kama ishirini mbele yetu. Treni ikasimama, likaja tangazo, na kijana aliyekuwa pale akasema hajui itachukua muda gani. Mke wangu alitaka tuondoke, mimi nikang'ang'ania. Hatujazungumza vizuri tangu siku hiyo. Nani mwenye haki?" Anaandika Miguu Imevimba, Toronto.

Bi. Foleni anaanza na ufundi, kwa kuwa hasira nyingi za foleni hutokana na kutojua kinachoendelea nyuma ya ukuta. Reli ya rola kosta imegawanywa vipande, na sheria ni kipande kimoja, treni moja. Vihisi huiambia kompyuta kila treni iko wapi. Kompyuta ikiona jambo ambalo haikulitarajia, labda treni imechelewa sekunde chache, labda kufuli la kiti halijaitikia, labda kihisi chenyewe kimenyamaza, husimamisha treni pale ambapo breki zinaweza kuzishika. Mara nyingi hitilafu ni ndogo. Kompyuta hairuhusiwi kukisia.

Tarehe 2 Juni 2015, huko Alton Towers, Uingereza, binadamu walikisia. Treni tupu ya majaribio ilikuwa imekwama kwenye reli ya mchezo uitwao The Smiler, na kompyuta ikaizuia treni yenye abiria isiendelee. Mafundi hawakujua kwamba kuna treni mbele. Wakadhani mfumo umekosea, wakaondoa kizuizi, na treni ya abiria ikaigonga ile tupu. Watu 16 walijeruhiwa, na wasichana wawili wakakatwa mguu mmoja kila mmoja. Mwaka uliofuata mahakama iliitoza kampuni ya Merlin, mmiliki wa bustani, faini ya pauni milioni 5.

Kwa hiyo kijana wa mlangoni aliyesema hajui alikuwa anasema kweli, na hana pa kuuharakishia ukweli huo. Mgeni anachoweza kufanya ni kutazama reli. Treni tupu zikianza kuzunguka, mafundi wanajaribu kazi yao na ufunguzi unaweza kuwa karibu, kwa hiyo inafaa kusubiri kidogo. Abiria wakianza kushushwa kwa ngazi za dharura, shughuli itakuwa ndefu. Radi ni jambo jingine. Alasiri za kiangazi Florida hunguruma mara kwa mara, na michezo ya nje hufungwa yote kwa pamoja, na hapo wenye akili hukimbilia michezo ya ndani kabla umati haujawaza hivyohivyo. Mwenye pasi ya njia ya haraka aulize kabla ya kuondoka, maana katika bustani za Disney, kwa mfano, pasi iliyokwama kwa sababu ya hitilafu kwa kawaida hubadilishwa itumike kwenye mchezo mwingine.

Mwenye haki ni mke. Bi. Foleni anapendekeza msamaha uombwe leo.

Pete mbele ya turubai

"Nimegundua kwa bahati kwamba mchumba wangu anapanga kunivisha pete mbele ya kasri la bustani moja, mwezi ambao kasri hilo litakuwa limefunikwa kwa ajili ya ukarabati. Nimwambie?" Anaandika Bibi Harusi Mtarajiwa, Manchester.

Kuna waliopata zaidi ya turubai. Mwaka 1996, Magic Kingdom ya Florida ikisherehekea miaka 25, kasri la Cinderella lilipakwa rangi ya waridi na kubandikwa mishumaa na peremende kubwa za bandia, hadi likawa keki ya siku ya kuzaliwa. Lilikaa hivyo zaidi ya mwaka mmoja, na picha za familia nyingi za mwaka 1997 zina keki hiyo nyuma yao hadi leo. Katika Disneyland ya Hong Kong, kasri dogo la mwanzo lilianza kujengwa upya 2018, na jipya, refu zaidi, likazinduliwa Novemba 2020. Wageni wote waliofika katikati walipiga picha na winchi. Disneyland ya Paris walikuwa waungwana kidogo: kasri lao lilipokarabatiwa mwaka 2021, lilifunikwa kwa turubai lenye mchoro wa kasri lenyewe.

Amwambie, lakini kwa njia ya mzunguko. Dada wa mchumba atumiwe kiungo cha ratiba ya ukarabati, na dada atafanya kazi iliyobaki. Ikigundulika kwamba mchumba alijua na bado akachagua mwezi huo, Bi. Foleni atashuku kwamba naye alivutiwa na bei.

Mchezo wa ujana wangu hauko tena

"Nilipanda Nemesis pale Alton Towers nikiwa mwanafunzi. Sasa mwanangu amefikia urefu unaotakiwa, lakini nasikia mchezo wenyewe umebadilishwa. Je, niende kuona maiti?" Anaandika Baba Kumbukumbu, Birmingham.

Maiti hakuna. Nemesis ilifunguliwa 1994, ikachimbiwa shimo kwenye mwamba kwa sababu bustani haikuruhusiwa kujenga juu ya vilele vya miti. Ilifungwa Novemba 2022, sehemu kubwa ya reli ikang'olewa na kubadilishwa, na Machi 2024 ikarudi kwa jina la Nemesis Reborn. Kona ni zilezile zilizomtoa baba jasho, chuma ni kipya. Mwana atapiga kelele mahali palepale.

Wengine hawakubahatika hivyo, na Bi. Foleni anaona kwamba bustani zinatofautiana sana katika namna ya kuaga. Tokyo Disneyland ilitangaza mwaka 2022 kwamba Space Mountain yake ingebomolewa, ikaiacha ifanye kazi hadi 31 Julai 2024, na kuahidi nyingine mwaka 2027. Splash Mountain za Florida na California zilitangaziwa mwisho wao mwaka 2020, zikaendelea kuwalowesha watu hadi 2023, na mwaka 2024 zikazaliwa upya kama Tiana's Bayou Adventure, zikiwa na mporomoko uleule wa maji. Anayeililia ile ya zamani bado anaweza kuipanda Tokyo, kama nauli si tatizo.

Kingda Ka ya New Jersey, iliyokuwa na kimo kikubwa kuliko rola kosta zote duniani, mita 139, iliondoka bila kwaheri. Siku yake ya mwisho ilikuwa 10 Novemba 2024, na kampuni ya Six Flags ilithibitisha siku chache baadaye, wapenzi wake wakiwa wameshachelewa. Februari 2025 mnara wake ukaangushwa kwa baruti. Ushauri kwa wenye mchezo wanaoupenda: ukianza kuzeeka na kuharibika kila mara, usiahirishwe hadi mwakani.

Watoto hawajui, na mimi sina ujasiri

"Mchezo tunaousafiria umefungwa. Nimejua tangu wiki iliyopita. Watoto wameshachora picha zake na kuzibandika kwenye friji." Anaandika Baba Muoga, Rotterdam.

Bi. Foleni anamwelekeza baba huyu kwenye filamu ya National Lampoon's Vacation ya mwaka 1983. Baba mmoja anaendesha gari kutoka Chicago hadi California, familia nzima ndani, na kufika kwenye bustani ya kubuni ya Walley World iliyofungwa wiki mbili kwa matengenezo. Anaishia kumshikia mlinzi bastola ya bandia ili watoto wake wapandishwe, na polisi wanaitwa. Yule alikuwa na kisingizio cha kutojua. Baba Muoga hana.

Habari itolewe mezani, nyumbani, kabla mabegi hayajafungwa. Kisha kila mtoto apewe ramani ya bustani na achague michezo mitatu kwa mpangilio, na ya kwanza isiwe ile iliyofungwa. Mtoto aliyechagua mwenyewe hulia kidogo. Picha za kwenye friji zibaki.

Majibu mafupi

Kwa msomaji wa Muscat anayetaka kuwapeleka wajukuu Global Village ya Dubai mwezi Julai: hufunguliwa takriban Oktoba hadi Mei. Julai hata wauzaji wa chai wameondoka.

Kwa kijana wa Columbus, Ohio, anayetaka kuwa miongoni mwa wa kwanza kupanda kila mchezo mpya: Top Thrill 2 ya Cedar Point ilifunguliwa kwa umma Mei 2024, ikafungwa baada ya wiki moja hivi ili treni zirekebishwe, na msimu mzima ukapita. Ilirudi 2025. Msimu wa kwanza waachiwe wenye kuishi karibu.

Kwa anayelalamika kwamba mchezo uko wazi ila kitu kimoja ndani yake hakifanyi kazi: yeti wa Expedition Everest, roboti kubwa mno iliyozinduliwa Florida mwaka 2006, alipaswa kumrukia abiria kwa mkono. Alifanya hivyo kwa muda mfupi tu, akaganda, na tangu hapo humulikwa taa za kumetameta ili aonekane anasogea. Mbunifu wake, Joe Rohde, aliahidi mwaka 2013 kwamba atamtengeneza. Rohde alistaafu mwanzoni mwa 2021, yeti bado ameganda, na foleni bado ni ndefu.

Kwa Mwanafunzi wa Darasa la Nne, aliyeandika mwenyewe kwa penseli akieleza kwamba ana sentimita 132 na kwamba rola kosta anayoitaka inadai 137: hapa kufungwa ni rafiki. Incredible Hulk ya Universal, Florida, ambayo hudai urefu huohuo, ilifungwa Septemba 2015 na kurudi Agosti 2016 ikiwa na reli mpya, na mtoto wa umri wake huongezeka sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Amwombee mchezo wake ukarabati mrefu, anywe maziwa, na asimwambie baba yake.