Kusota Kuna Madaraja

Jirani, nisalimie polepole, mama wa duka asijue niko hapa.

Jana jamaa mmoja wa hapa mtaa wa Fedha ananiambia, "Buda, nimesota." Anayasema hayo akiwa ndani ya gari! Eti ameweka mafuta ya thao tu. Sasa huyo amesota ama anapumzika? Mimi nilikuwa najipanga nimpige mzinga wa soo. Akaniwahi, akanipiga yeye. Nikabaki nikimwomba msamaha.

Kusota kuna madaraja, bana. Kuna wa kusota na friji inanguruma. Kuna wa kusota na Netflix. Halafu kuna mimi. Tokeni za stima zikikaribia kuisha, kile kidude cha mita kinalia usiku kucha, tii, tii. Ploti nzima inajua hali yangu kabla hata sijaamka.

Zamani ungesema umesahau waleti kwa nyumba. Lakini tangu M-Pesa ianze 2007, waleti ni simu, na simu iko mkononi, unachekea TikTok. Utasema nini? Mimi nikasema netiwaki imepotea. Mama wa duka akachungulia simu yake. "Yangu iko." Foleni yote ikaangua kicheko, hadi katoto kalikotumwa maziwa. Huyo mama nikiwa na ganji huniita bosi. Nikianza kukopa, kastoma. Siku hizi ni "wewe wa nyumba ya juu." Mafuta ya kupima ya bob ishirini ananimiminia kama dawa ya mtoto.

Enda steji sasa. Taj Mall ilibomolewa 2018, na makanga bado wanaita, "Taj! Taj!" Mimi niko hai na hakuna anayeniita. Wanaangalia viatu, wanageukia mwingine.

Hustler Fund ya serikali ilipozinduliwa Novemba 2022, nilikuwa mbele mbele. Mkopo ulianzia mia tano, ukapanda hadi elfu hamsini. Kisia mimi niliangukia wapi. Halafu asilimia 5 inabaki akiba, na kwa hiyo akiba, asilimia 70 ni ya uzeeni. Piga hesabu. Nikawa mtu wa pensheni ya shilingi 17 na senti 50. Uzee umepangwa, chumvi hakuna.

Hayo yote nilikuwa nimezoea. Kusota kwenyewe nimekujua wiki hii. Kuna grupu ya WhatsApp ya harusi ya binamu yangu. Kila mtu anasumbuliwa atume mchango. Wajomba wanafuatwa, shangazi wanatajwa majina, hadi wale walio kijijini. Mimi, kimya. Hakuna anayenidai! Ikaniuma, jirani. Nikajikaza nikaandika mwenyewe, "Nitatuma Ijumaa."

Mweka hazina akajibu saa hiyo hiyo: "Usijisumbue, kaka. Wewe tumekuweka kwa kamati ya maombi."