Kamera ya Nyuma, Ubishi wa Mbele

Mxiuu! Niacheni nisonye kwanza, kahawa itanisubiri. Wanaume wazima, wenye ndevu na wajukuu, wanakaa kwenye benchi letu la Magomeni kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi, na hakuna goti la beki wa Simba wala paja la winga wa Yanga wasilojua limepona lini. Sasa waulize ni lini mara ya mwisho wameangalia choo chao kabla ya kumwaga maji. Kimya. Mmoja anakohoa, mwingine anaagiza kashata.

Ubishi wa safari hii aliuleta fundi viatu. Dada yake yuko Uingereza, kafikisha miaka 50, na zawadi aliyoipata kutoka serikali ya kule ni bahasha yenye kichupa na kijiti. Maelekezo yake: gusisha kijiti kwenye choo chako, kirudishe kichupani, funga, tia kwenye bahasha, peleka posta. Lo! Benchi lote likalipuka. Mavi yasafiri kwa posta, yapigwe na muhuri! Mzee wetu mmoja, mstaafu wa bandari, alicheka mpaka akaomba maji, halafu akauliza kama mzigo huo nao unalipiwa ushuru.

Fundi akasubiri watulie, akaeleza. Kule England watu wenye miaka 50 hadi 74 huletewa kichupa hicho nyumbani kila baada ya miaka miwili, kwenye mpango ulioanza mwaka 2006. Kinachotafutwa ni damu kidogo isiyoonekana kwa macho, kwa sababu uvimbe wa saratani ndani ya utumbo mpana huwa unavuja damu kimyakimya. Damu ikikutwa, unaitwa kwa kipimo cha kamera: mpira mwembamba wenye taa na kamera kwenye ncha, unaopitishwa njia ya haja kubwa mpaka mwanzo wa utumbo mpana.

Alipotaja njia, kicheko kikageuka vita.

"Mimi nipitishwe kamera nyuma?" kijana wa bodaboda akaruka. "Kaka, bora nife na uanaume wangu."

Uanaume gani huo, mwanangu? Huo huo unaopakia abiria wawili bila kofia ngumu na kukatiza mbele ya daladala pale Mapipa? Nilikuwa nataka kumjibu, mama wa vitumbua akaniwahi. Yeye huwa hachangii, anageuza vitumbua vyake, ila siku hiyo aliweka kijiti chini. "Nyie nyie! Sisi tumezaa mbele ya wanafunzi wa udaktari wamejipanga mstari. Tumepimwa mlango wa kizazi kwa siki, miguu juu. Hatujafa kwa aibu. Na huo utumbo, mnadhani sisi hatukuumbiwa?"

Hakujibiwa. Mstaafu wa bandari ndiye aliyewaokoa wenzake kwa hoja yake ya siku zote: hiyo ni kansa ya Wazungu, sisi tunakula dona na mchicha, tumbo letu halina shida.

Nitamtendea haki mzee, maana hoja yake ina baba. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland ya Kaskazini, alifanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940 hadi ya 1960, muda mwingi akiwa Mulago. Ndiye aliyeueleza ule uvimbe wa taya wa watoto unaoitwa kwa jina lake mpaka leo. Burkitt alishangaa kwamba saratani ya utumbo mpana, iliyokuwa imejaa kwao, huku ilikuwa adimu. Akaja na maelezo yake: Waafrika wanakula nafaka zisizokobolewa, kunde na mboga, choo chao ni kingi na kinapita haraka, Mzungu anakula mkate mweupe na nyama, choo kinakaa. Alikuwa anapima uzito wa vinyesi vya watu, bwana mkubwa yule. Kwa hiyo mzee wangu, usimcheke dada wa fundi. Sayansi unayojivunia nayo ilianzia chooni.

Ila Burkitt alikuwa anazungumzia chakula, hakuzungumzia rangi ya ngozi. Mwaka 2015 watafiti walichapisha jaribio lililonifanya niweke kikombe chini. Walichukua Wamarekani weusi 20 na Waafrika Kusini weusi 20 wa vijijini, wakawabadilishia sahani. Wamarekani wakapewa uji wa mahindi na maharage, Waafrika Kusini wakapewa vyakula vya mafuta na nyama vya Kimarekani. Wiki mbili tu! Alama za hatari kwenye utumbo wa Wamarekani zikashuka, za Waafrika Kusini zikapanda. Asili ya watu wote wale ni Afrika, na bado Wamarekani weusi ni miongoni mwa wanaopata saratani hii zaidi nchini mwao. Sasa mzee anatetea dona huku mbele yake kuna chipsi mayai, soseji mbili na soda ya baridi. Aka! Hilo tumbo la Burkitt limebaki kwa bibi yako Kilosa. Na soseji nazo zilishasemewa mwaka huo huo wa 2015, pale wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walipoziweka nyama za kusindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Tuje kwenye kupima kwenyewe, maana ndipo watu wanapochanganya madawa.

Saratani hii mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo. Vingi vya vinyama hivyo havifiki popote. Vichache hugeuka, na kugeuka kwenyewe huchukua muda mrefu, kwa kawaida miaka kama 10. Ndiyo maana kamera ina faida ambayo kipimo cha damu ya choo hakina: daktari akikiona kinyama anakikata pale pale, kabla hakijawa ugonjwa. Mwalimu mmoja mstaafu anayekujaga kijiweni Ijumaa tu alishapitia. Tulipombana akasema kamera haikumsumbua hata kidogo, alidungwa sindano ya usingizi na alipozinduka akauliza wanaanza saa ngapi. Kilichomtesa ni siku moja kabla: lita na lita za dawa ya kusafisha tumbo, na usiku kucha mlango wa choo haufungwi. "Nilikuwa mtupu kama debe," akasema, na hakuna aliyecheka kwa sababu mwalimu hachekwi.

Lakini sitawadanganya kwamba kamera ni sadaka isiyo na gharama. Kati ya watu 10,000 wanaopimwa hivyo, takriban watatu hutobolewa utumbo na kama 15 hivi huvuja damu nyingi. Na faida yake kwa mtu asiye na dalili si kubwa kama inavyotangazwa. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Poland, Norwei na Uswidi, zaidi ya watu 84,000. Baadhi yao walialikwa kwenye kamera, wengine wakaachwa na maisha yao. Baada ya miaka 10, kati ya kila 10,000 walioalikwa, 98 walipata saratani ya utumbo mpana. Kwa wasioalikwa, 120. Tofauti ya vifo ilikuwa ndogo mno kuweza kutegemewa. Kumbuka pia kwamba walioitikia mwaliko hawakufika nusu, kwa hiyo aliyekwenda kweli alifaidi zaidi ya hesabu hiyo. Mimi nikisikia daktari wa redioni anasema usipopima umekwisha, nasonya. Nikisikia wa kijiweni anasema vipimo vyote ni biashara, nasonya mara mbili.

Kwetu hakuna posta itakayokuletea kichupa. Ukitaka, unakwenda mwenyewe, unauliza mwenyewe, na mara nyingi unalipa mwenyewe. Kamera ipo kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na kadhalika, haipo kituo cha afya cha mtaani. Kwa hiyo mtu mwenye miaka 45 au 50, mzima, asiye na dalili, kwa maoni yangu aanze na choo. Aibu yake ni ndogo, na sisi tumezoea: nani hapa hajawahi kupeleka kikopo maabara kutafuta amiba? Kipimo cha kisasa kinatambua damu ya binadamu tu, hakidanganywi na mishkaki ya jana kama kile cha zamani. Kinarudiwa kila mwaka au miwili, kwa sababu ukipima mara moja tu, takriban saratani moja kati ya nne inaweza kukipita.

Na kabla hujatoa kikopo, muulize daktari swali moja: nikikutwa na damu, hiyo kamera nitaipata wapi na kwa shilingi ngapi, na bima yangu inalipa? Maana damu ikikutwa haina maana kwamba una saratani. Huku kwetu kuna kichocho cha tumbo, hasa kwa watu wa kando ya Ziwa Victoria, kuna minyoo ya safura, kuna bawasiri, vyote vinavujisha damu. Bila kamera utabaki na karatasi ya majibu na usingizi umekukimbia.

Kijana wa bodaboda hakuridhika. "Pelé je? Si alipimwa na hela anazo, na akafa?" Kweli. Pelé alitolewa uvimbe wa utumbo mpana Septemba 2021, uliogunduliwa kwenye vipimo vya kawaida, akafariki Desemba 2022. Alikuwa na miaka 82, na uvimbe ulipoonekana ulikuwa umeshakuwa uvimbe. Pelé hatusaidii sana kwenye ubishi huu.

Wanaotusaidia ni wengine wawili. Ken Okoth, mbunge wa Kibra kule Nairobi, aliwaambia wananchi hadharani mwaka 2019 kwamba saratani yake ya utumbo imefika hatua ya nne. Akafariki Julai mwaka huo, umri miaka 41. Chadwick Boseman, yule mwigizaji wa Black Panther, alifariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43, na ugonjwa wake ulijulikana mwaka 2016 ukiwa hatua ya tatu. Sasa piga hesabu. Marekani yenyewe iliteremsha umri wa kuanza kupima kutoka 50 hadi 45 mwaka 2021. England kichupa huja ukiwa na 50. Hawa wawili wasingeletewa kitu. Wamekufa wakiwa hawajafika foleni.

Hapo ndipo ninapogombana na kijiwe chote, pamoja na fundi na dada yake. Kupima au kutopima ni ubishi wa mtu mzima asiyeumwa chochote. Abishane, ana muda. Anayeona damu hana ubishi, hata awe na miaka 28. Huyo haendi kupimwa kwa tahadhari, anakwenda kutibiwa. Na ndiye asiyesema! Anakaa pembeni ya benchi, anacheka na wenzake habari za mavi na posta, kumbe ana mwezi wa tatu anafuta damu. Ameshajipa jibu: bawasiri. Nani kamwambia? Jamaa wa spika pale stendi, anayeuza chupa moja inayotibu bawasiri, mgongo, mkojo mchafu na nguvu za kiume. Mxiuu! Huenda ni bawasiri kweli, mara nyingi huwa hivyo. Lakini mtu pekee anayeweza kulithibitisha ni yule aliyevaa glovu na kuangalia, hao wa spika hawaangalii.

Mwingine hana damu inayoonekana, ila choo kimebadilika wiki kadhaa sasa, leo kigumu kesho maji, suruali inamlegea, akipanda ngazi anahema. Akipimwa anaambiwa damu imepungua, anapewa vidonge vya kuongeza damu, anashukuru, anarudi nyumbani. Mwanaume hana hedhi, hazai. Damu yake inakwenda wapi? Ukipewa vidonge bila kuulizwa swali hilo, liulize wewe.

Bado kuna jambo la ukoo, na hili ndilo linalonikera kuliko yote. Daktari anauliza: kuna mtu kwenu aliyewahi kuugua saratani ya utumbo? Tunajibu hapana, kwa sababu kwetu hakuna anayekufa kwa saratani ya utumbo. Kwetu watu hufa "kwa tumbo". Babu alikufa kwa tumbo, baba mdogo alikufa kwa tumbo, shangazi alirogwa, likamvimba tumbo. Tumbo gani? Haulizwi mtu, matanga yameshaanuliwa.

Basi mpigie shangazi aliyebaki, leo kabla salio halijaisha. Muulize baba yako alikuwa anaumwa nini hasa, kama alikuwa anatoka damu, hospitali walisema nini, na alikuwa na miaka mingapi. Akikwambia ilikuwa saratani ya utumbo mpana, na ni mzazi wako au ndugu yako wa tumbo moja, usisubiri 45. Kamera yako inaanza ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao yeye aliugua, ule unaotangulia.