Glasi ya Mama Mkwe

Nyumbani kwetu Kimara mgonjwa hakosi madaktari. Mche wa kwanza wa nyanya ulinyauka Jumapili saa saba mchana, na kufikia saa kumi ulikuwa umeshapimwa na watu wanne, kila mmoja na ugonjwa wake.

Mimi nilisema kiu. Mke wangu alisema jicho, maana juzi yake wenzake wa kikoba walikaa pale uani wakaisifia bustani weee, bila hata mmoja kusema mashallah. Jirani alichungulia juu ya ukuta akasema sota, akanipitishia kopo la majivu. Binti yetu wa miaka 8 akasema malaria, kwa sababu mche ulikuwa mzima asubuhi, mchana ukalala, na jioni ukaamka tena, kama alivyofanya yeye mwezi wa tatu. Tulimcheka. Ila kati yetu sote, aliyeutazama mche ni yeye peke yake.

Miche ilikuwa 14, mstari mmoja, kuanzia chini ya tanki la maji kushuka hadi ukutani; uwanja wetu una mteremko, kama nusu ya Kimara. Niliipanda mwenyewe, nikaisimikia miti, na kila Jumamosi nilipita na kisu cha jikoni nikitoa machipukizi ya kwapani, mche hadi mche, kama ngariba wa zamani. Nilikuwa nimeshatangaza mezani kwamba mwezi huo hakuna mtu wa nyumba hii kununua nyanya gengeni.

Basi, kwa kuwa nilisema kiu, nilimwagilia. Nilifungua bomba la tanki, maji yakateremka kwenye mfereji mpaka kwenye mche wa mwisho. Jumatatu jioni mche wa kwanza haukuamka. Jumatano wa pili ukaanza kusinzia. Majani yalikuwa ya kijani kabisa, hayana doa, hayana tundu, hayajajikunja. Yameninginia tu kama nguo iliyosahaulika kambani. Nikaongeza maji.

Alhamisi nikaenda duka la pembejeo na picha kwenye simu. Muuzaji aliitupia jicho huku anamhesabia mtu mwingine chenji. "Bakajani hiyo," akasema, akanipa pakiti ya dawa ya ukungu. Bakajani leo naijua. Ile tangulia huacha mabaka yenye duara ndani ya duara, na huanzia majani ya chini. Ile chelewa huja wakati wa baridi na unyevunyevu, na majani hugeuka kama yamemwagiwa maji ya moto. Nyanya zangu hazikuwa na baka hata moja. Lakini nilikuwa nimeshalipa, na dawa iliyolipiwa haitupwi. Niliikoroga kwenye chupa ya kusafishia vioo, upepo ukageuka, doti ya kanga iliyokuwa kambani ikapata kinga kamili dhidi ya ukungu, na mke wangu akalala chumba cha binti hadi Jumamosi. Mche wa tatu ulikufa umeoga.

Mama mkwe aliingia Jumapili kwa basi la Iringa. Kwao ni Ilula, na nyanya amezilima tangu kabla sijamfahamu binti yake. Jambo la aibu hanisemi usoni, hulipitishia kwa mwanawe hata nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka alipo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Poleni na joto." Macho yalikuwa yameshafika bustanini. Akasogea na mkoba begani, akainama, akanyamaza kidogo. "Mwanangu, mwulize baba, mwaka jana hapa palikuwa na nini?"

Biringanya, nikajibu.

"Ziliishaje?"

Zilinyauka. Nilidhani jua.

"Haya. Niletee glasi inayoonyesha."

Mke wangu alitoa moja katika zile sita za harusi, ambazo hata mchungaji hajawahi kunywea. Mama akakata shina la mche wa nne karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole. Ndani palikuwa na rangi ya chai. Akakifunga uzi, akakining'iniza kwenye maji safi, ncha tu ndiyo izame, akakataza mtu kugusa meza. Tukasubiri dakika mbili, tatu. Mara utepe mweupe mwembamba ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, kama moshi wa udi uliopinduliwa, ukagusa kitako cha glasi ukajikunja. Binti alikuwa amebana pumzi.

"Mnyauko wa bakteria," mama akasema. Ungekuwa mnyauko fuzari, shina lisingetoa utepe ule, na majani ya chini yangetangulia kuwa manjano. Huu wa kwetu hauna dawa dukani. Bakteria hukaa ardhini miaka, huingia kupitia vidonda vya mizizi na kuziba mishipa ya kupandishia maji, mche ukafa na kiu huku umesimama kwenye tope. Kwa hiyo kuhusu kiu sikukosea sana. Nilisema hivyo mara moja, sikurudia.

"Tena zimekufa kwa foleni," akaendelea kumwambia mwanawe, akionyesha kutoka kwenye tanki kushuka. "Maji yanaubeba. Na mwulize baba, kisu huwa anakiosha kabla ya kuhamia mche mwingine?"

Hakuna aliyeniuliza. Mke wangu alikwenda jikoni, akarudi na kile kisu, akakiweka mezani kando ya glasi.

Tuling'oa iliyougua pamoja na mizizi na udongo wake, tukaikausha na kuichoma, haikwenda kwenye mboji. Kisu kililowekwa kwenye jiki. Mfereji ukafukiwa. Iliyobaki ilifuatana hata hivyo, na mwezi ulipoisha mstari ulikuwa mtupu. Pale sasa pana mahindi, na amri ya mama ni kwamba kwa misimu kadhaa pasiguswe na nyanya, biringanya, pilipili, nyanya chungu wala mnavu, ukoo ni mmoja.

Kulikuwa na mche wa 15 ambao sikuwahi kuuhesabu. Binti aliuotesha kwa mbegu za kachumbari katika ndoo ya rangi iliyopasuka, kwa udongo aliouchota shuleni, karibu na mlango wa jikoni ambako maji yangu hayakufika wala kisu changu. Ulizaa nyanya saba. Tano tulizila. Mbili binti alizifunga kwenye gazeti akampa bibi yake, naye akazipakata kwenye basi hadi Ilula, ambako nyanya hupangwa kando ya barabara kwa matenga.