Mahari ya Waifai

Nyumba yetu iko Bwiru, mgongoni mwa jabali. Fundi aliyeijenga alikuta jiwe limezidi pesa zetu za kulipasua, akaliacha liwe ukuta wa jikoni. Kipindi cha joto linatufaa sana. Waifai ndiyo hailiwezi. Ruta yetu iko sebuleni na inarusha mawimbi ya aina mbili, gigahezi 2.4 na 5. Yale ya 5 yana kasi lakini ni mepesi kukata tamaa mbele ya ukuta mnene, kwa hiyo nikiwa jikoni na sato wangu napata masalia tu.

Tangu tuvute faiba, Baba Watoto alijiteua waziri wa mawasiliano. Amri yake ya kwanza: ukiingia getini, zima data. Bando ni la barabarani, nyumbani kuna waifai. Alikuwa na ushahidi wake. Mwaka 2015 Apple walitoa iOS 9 yenye kitu kinaitwa Wi-Fi Assist: waifai ikilegea, simu inahamia yenyewe kwenye mtandao wa simu bila kukuuliza. Kilikuja kikiwa kimeshawashwa, na kabla mwezi uliofuata haujaisha watu walikuwa wamewafungulia Apple kesi huko California kwa bili zisizoeleweka. "Hao ni Wamarekani," anasema Baba Watoto. "Sisi wa kifurushi cha wiki tutapona?"

Basi ikafika siku ya washenga kuja kumposa binti yetu.

Msemaji wetu ni Baba Mkubwa, kaka yake Baba Watoto, aliyehamia Ukerewe miaka mingi iliyopita. Alikuwa avuke kwa meli kutoka Nansio, lakini usiku ziwa likachafuka. Alfajiri akanipigia: "Shemeji, leo sivuki." Hatukumbishia. Mtu wa Ukerewe aliyeshuhudia mazishi ya wahanga wa kivuko cha MV Nyerere, kilipozama karibu na Ukara Septemba 20, 2018, habishiwi habari za upepo.

Angeweza kusema yake kwa simu ya kawaida, tukaweka spika, mambo yakaisha. Waziri akakataa. Mahari yanataka sura, alisema, na video ipo, tena ya bure. Simu yake ikaegemezwa kwenye chupa ya chai juu ya stuli, ikiwatazama wageni. Baba Mkubwa akatokea: nusu paji la uso, nusu bati. Salamu za Kisukuma zikachukua muda wake, kama inavyopasa. Kisha akakohoa.

"Kwa binti huyu," akasema, "ng'ombe ni kumi na..."

Akaganda, mdomo wazi.

Kwenye ruta kulikuwa na taa moja nyekundu ikipepesa, alama kwamba mwanga haufiki tena kupitia waya wa faiba. Lakini kwenye simu vile vipinde vya waifai vilikuwa vimejaa hadi juu, na Baba Watoto akawa anavionyesha kwa kidole kama hati ya kiwanja. Tatizo ni kwamba vipinde hivyo hupima njia ya kutoka simu hadi ruta tu, hatua tatu za zulia. Sisi wa milimani tunalijua hilo kwa bomba: linaweza kung'aa na koki ikazunguka vizuri, maji hakuna. Simu ya Android ina namna yake ya kuchungulia bombani. Hutuma ombi dogo kwa seva ya Google na kungoja namba 204, jibu lisilobeba chochote ndani yake. Jibu lisipokuja inaweka alama ya mshangao, na kama data imewashwa, inahamia huko. Data ilikuwa imezimwa. Kwa amri.

Mkuu wa washenga, mzee mtulivu wa Magu, hakupoteza nafasi. "Kumi," akasema. "Tumesikia kumi. Tunashukuru sana." Wenzake wakaanza kupiga makofi.

"Alisema kumi na," nikaingilia kutoka mlangoni. Siyo desturi mama wa binti kusema pale, najua.

"Na nini, mama?"

Hapo ndipo kijana wetu wa kidato cha nne alipoamua kutuokoa. Akafungua hotspoti kwenye simu yake. Ili asisumbuke kuunganisha simu moja moja, alishaipa jina na nywila zilezile za ruta ya nyumbani. Ujanja mtupu! Simu ya Baba Watoto ikadaka, Baba Mkubwa akafufuka, mdomo ukafunga.

Ila kila kifaa kilichowahi kuijua waifai yetu kilidaka pia. Simu za Android hupeana ishara ya chini chini kwamba intaneti hii ni ya mtu, ina bei, jizuieni. Runinga haikujizuia, ikaendeleza katuni ya wajukuu pale ilipoishia. Na chumbani alikuwepo binti mwenyewe na iPhone yake, ambayo ishara ya Android haiielewi. Yeye tangu asubuhi alikuwa akijipiga picha na video za vipodozi. iPhone ikaona waifai ya nyumbani imerudi, ikaanza kuzipandisha zote mawinguni.

Meseji ya kwanza kwa kijana: umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako. Alipofungua mdomo kutuambia, ya pili ikaingia.

"...na nane!" Baba Mkubwa alikuwa akisema, au nadhani alisema, maana sauti ilitoka "na... ne" na akaganda tena.

"Kumi na nne," akasema mzee wa Magu haraka. "Mtandao umeshusha wenyewe."

Kicheko kilipotulia, simu ileile ikaita kwenye chupa ya chai. Ni Baba Mkubwa, kwa kitochi chake, simu ya kawaida kupitia mnara, haijui waifai wala mawingu. Sauti safi kabisa. Akaelezwa nusu ya wageni wamesikia kumi, nusu kumi na nne. Akanyamaza kidogo. Wakavutana, akateremka, wakapanda, na kwa heshima ya yule mzee akakubali kumi na nne. Lakini akaongeza kipengele: bando la kijana lirudishwe siku hiyohiyo.

Bwana harusi alilituma kabla wageni hawajamaliza kushuka ngazi za mawe. Picha za binti zilikuwa zimeshafika zote, hata zile alizofumba macho.