Kutoka Kabwe Kwenda Kabwe

Magunia yetu matano ya dagaa yalifika Kabwe siku nne kabla yetu. Balaa ni kwamba yalifika Kabwe yalikotoka.

Kosa lilikuwa langu. Nilichukua makapeni nikaandika KABWE ubavuni mwa kila gunia, herufi kubwa kama za tangazo la mkutano wa hadhara, nisiongeze neno. Kabwe niliyokusudia iko Zambia, kaskazini mwa Lusaka. Kijana wa kupakia mizigo alijua Kabwe moja tu, hii ya kwetu Nkasi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akadhani mzigo umepotea njia. Akauonea huruma, akaupandisha lori la kurudi. Mama mkwe aliupokea, akapiga simu kutushukuru kwa zawadi, ila alisema safari nyingine tulete sukari, dagaa anao.

Sisi wenyewe hatukufanya vizuri zaidi. Mpakani tuliulizwa tunakotoka. Nikajibu, Kabwe. Mnakokwenda? Kabwe. Ofisa akaweka kalamu chini, akamgeukia mke wangu kwa sura ya mtu anayempa pole muuguza mgonjwa. "Mama," akasema taratibu, "hebu nieleze wewe."

Hiyo ilikuwa 2011. Dagaa wa ziwa letu kule wanaitwa kapenta, wanaliwa na nshima, na niliambiwa bei yake inampendeza muuzaji. Tulipanga kukaa mwaka mmoja. Tulikaa mitano.

Tulipanga chumba kimoja na nusu, chenye uwanja wa kutosha mkeka mmoja na mtu wa kuukunja. Sasa mke wangu ni Mfipa wa juu, upande wa Namanyere, kwenye watu wa ntumba. Kwa asiyejua: mvua zikikaribia kuisha, Mfipa hulaza nyasi, akazifunika kwa udongo wa kupindua, akaacha matuta ya duara yaoze polepole, msimu unaofuata anayasambaza, anapanda ulezi. Mtu aliyekulia hapo hawezi kuona udongo umekaa bure. Asubuhi ya kwanza aliazima jembe kabla hajaazima chumvi. Hajalishusha mara ya pili, mama mwenye nyumba alitoka mbio, mkono mmoja juu, mwingine umeshika chitenge kisianguke.

Hapa hapalimwi, alisema. Mji huo zamani uliitwa Broken Hill, na ulijengwa juu ya mgodi wa risasi na zinki. Mgodi ulifungwa 1994, lakini risasi ilibaki kwenye vumbi la mitaa iliyo karibu, na huwadhuru zaidi watoto. Tukitaka bustani, tutafute udongo wa mbali.

Basi tukanunua udongo. Narudia, ili wazee wa Nkasi wasidhani wamesikia vibaya: tulitoa pesa mfukoni, tukapewa udongo, toroli kwa toroli. Mke wangu alihesabu kila koleo. "Baba," akaniambia, "marehemu babu akijua, atarudi atudai tulioukanyaga bure."

Kwa bahati mzigo wa pili wa dagaa ulikuwa umefika salama, maana safari hii niliandika ZAMBIA pande zote mpaka chini. Magunia matupu yakawa shamba. Mke wangu alipanga tabaka la nyasi, tabaka la udongo, nyasi tena: ntumba ya kusimama. Tukapanda nyanya, na ile mboga yao wanayoiita repu, ndugu yake sukumawiki. Tulichosahau ni kuyafua magunia. Usiku wa kwanza walikuja paka wawili. Mwisho wa wiki walikuwa saba, kila mmoja amekalia gunia lake kama mwenye kiti sokoni, wakifukua mbegu kutafuta dagaa aliyekuwa anawanukia.

Madereva wa malori wa kwetu, wanaopita kwa ile barabara kuu ya kwenda Copperbelt, wakisikia Kiswahili walisimama kununua. Wakiuliza natoka upande gani, nikasema Sumbawanga, pesa zilirudi mfukoni. Mboga imestawi kiangazi ndani ya gunia, inalindwa na paka saba, na mwenyewe katoka Sumbawanga! Niliwaeleza kwamba jina hilo, kama wasemavyo wazee, maana yake ni kutupa uchawi. Mmoja akauliza ulitupwa wapi. Wazambia, wasio na habari hizo, walinunua vizuri tu.

Lakini hasara kubwa niliipata kwa simu.

"Mwanangu, mnalima huko?" mama aliuliza.

"Tunalima, mama, ila kwenye magunia. Udongo wa huku una risasi."

Kimya. Nikamsikia anamwambia mtu pembeni, "Kumbe ndiyo maana wamejipanga nyuma ya magunia." Kisha akanong'ona, "Baba, lala chini." Simuoni mjinga, mama yangu ameona waliovuka ziwa wakikimbia vita Kongo. Nikamfafanulia kwamba ni risasi ile ya kwenye betri ya gari, imo katika vumbi. Akafikiri. "Kwa hiyo huko haipigwi, inapeperushwa?" Jumapili tuliombewa kanisani.

Habari njema nazo hazikudumu. Krismasi ya 2012 nilimtangazia kwamba mauzo yametufikisha kwacha milioni mbili, na kufikia jioni Kabwe nzima ilikuwa na mwana milionea. Januari 1, 2013 serikali ya Zambia ikaondoa sifuri tatu kwenye pesa. Tulilala na milioni mbili, tukaamka na elfu mbili. Thamani ni ile ile, nilielezwa hivyo benki, sokoni na nyumbani. Mwelezee mama yangu wewe.

Wenyeji walitutania kwamba Mkabwe akienda mbali harudi. Fuvu la mtu wa kale lililochimbwa mgodini mwao 1921 liko London hadi leo, na Zambia inalidai. Sisi tulirudi 2016, tukiwa kamili. Mama alihakikisha mwenyewe: alinivua shati stendi, akanigeuza mgongo mbele ya abiria, akitafuta tundu.

Mwezi uliopita yule mama mwenye nyumba alitukumbuka, akatutumia mbegu za repu kwa basi. Alizifunga vizuri ndani ya chupa, akaandika jina la mke wangu, na chini yake, kwa herufi kubwa, KABWE. Zilimrudia Jumanne. Amesema kwa kuwa zimesafiri sana, atazipanda mwenyewe.